Kiitikio Kilichokosekana

"Andika kwamba ni kosa la mpiga chapa, tumalize," mwalimu wangu alisema, akinisogezea tasnifu yangu na kalamu.

Tasnifu ilihusu shairi la sala, la Kifaransa. Kila ubeti ulifungwa kwa kiitikio kilekile, "utuhurumie", isipokuwa wa mwisho. Huo uliishia hewani.

"Mwalimu, mizani imetimia na vina vimetulia. Mshairi makini hivi hawezi kusahau kiitikio; amekiacha makusudi."

"Binti yangu, usinichoshe. Bila saini yangu huendi popote."

Kalamu sikuigusa. Nilianza kusoma shairi kwa sauti, nikigonga mizani mezani kwa ukucha. Mwalimu aligeukia dirishani kama anayengoja mvua ipite. Kufikia ubeti wa tatu, kidole chake kilikuwa kinagonga pamoja na changu, na kila kiitikio midomo yake ilicheza.

Nilifika mstari wa mwisho kabisa. Nikanyamaza.

"Utuhurumie," akaitikia, kwa Kifaransa, taratibu, macho yakiwa bado dirishani.

Kidole chake kikaganda. Akageuka kunitazama.

Nilimrudishia kalamu atie saini.