King'ora cha Fainali ya Wagga

Kidole gumba cha Noreen kilikuwa juu ya kitufe cha king'ora, kikinata kwa maji ya machungwa aliyowakatia wachezaji. Yeye ndiye mtunza saa wa uwanja wa Wagga, mji wa ndani kabisa ya Australia, na nje ya kibanda chake mwamuzi alikwishanyanyua mkono kuashiria king'ora kipigwe, fainali ianze.

"Subiri kidogo, mama," mtu wa televisheni aliyesimama kando yake akamwambia. "Raga ya Sydney imeingia muda wa ziada. Ikiisha tu, tunakuja kwenu."

"Mmenunua haki za kuonyesha raga, na za mpira wetu wa Kiaustralia mmenunua. Mbona wa kusubiri ni sisi kila mwaka?"

"Raga ina watazamaji wengi. Ukianza sasa, hakuna atakayewaona. Na mwakani hatuji."

Noreen alichungulia dirishani. Magari yalikuwa yameuzunguka uwanja, pua zikitazama ndani, wazee wamejifunika mablanketi viti vya mbele, vikombe vya chai vikifuka moshi juu ya dashibodi.

"Na hawa, si watazamaji?"

"Mama, nakuomba, usibonyeze."

"Basi sogea, mwanangu. Unanizibia uwanja."

Akabonyeza kwa nguvu zake zote, na magari yakamwitikia kwa honi, moja baada ya jingine, uwanja mzima.