Adui wa Njia ya Baiskeli

"Kikwazo cha barabarani!" Mzee Orrin Pruitt alipaza sauti, kidole kikimwelekea Bibi Ekdahl, ajuza wa miaka themanini na mbili ambaye kila asubuhi huenda kununua mkate kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. "Ng'ombe mzee hafungwi kengele akaachiwa lami!"

Wote waliokuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa waligeuka. Mtu aliyekuwa anamimina kahawa aliijaza mpaka ikamwagikia mkononi.

Solveig Tande, aliyeitisha mkutano, aliinuka kitini. Miaka minne alikuwa akiuomba mji wa Lindgren utenge njia ya baiskeli kwenye Mtaa Mkuu, tangu rafiki yake Birgit, mwalimu wa shule ya msingi, alipogongwa na lori mbele ya duka la dawa akavunjika nyonga. Miaka minne ya takwimu, ramani, picha za ukutani na karatasi ya saini isiyojaa. Waliohudhuria hawakuwahi kuzidi saba. Wawili walisinzia, na mmoja alifuata keki. Si kwamba watu wa Lindgren ni wabaya. Walimpa Birgit pole, wakampelekea vyakula mpaka jokofu likakataa kufungwa, kisha wakapanda magari yao wakaenda zao.

Na sasa, kana kwamba hayo hayatoshi, kazuka huyu. Alihamia mwezi wa nne na pikapu kubwa kama ghala, na tangu afike hakuna mkutano alioukosa.

"Mzee, shika adabu yako," Solveig alisema.

"Adabu nimeiacha garini, dada. Huko ndiko kwenye nafasi."

Asubuhi iliyofuata, wajukuu sita wa Bibi Ekdahl, wacheza hoki wenye shingo kama magogo, walipanga foleni posta alikofanya kazi Solveig.

"Ile karatasi ya saini iko wapi?" mkubwa wao aliuliza.

"Mnajua inasemaje?"

"Si inasema yule mzee akome?"

"Inasema njia ya baiskeli."

"Hiyo hiyo. Lete kalamu."

Juma lililofuata Orrin aliandika gazetini kwamba mwalimu anayekwenda kazini kwa baiskeli anawafundisha watoto ufukara. Wazazi arobaini wakatia saini. Jumapili aliegesha pikapu mlangoni mwa kanisa, akamwambia Mchungaji Nygaard kwamba hata Bwana Yesu alipanda punda kwa sababu tu pikapu zilikuwa hazijatengenezwa. Mchungaji, ambaye kwa miaka minne alisema kanisa halichanganyi dini na siasa, alitia saini kabla ya wimbo wa kwanza.

Kisha watu wakaanza kupanda baiskeli zenyewe. Kinyozi Lund, ambaye hakuwa amegusa yake tangu aoe, aliitoa gereji na utando wake wa buibui, akapita nayo mbele ya nyumba ya Orrin akipiga kengele.

"Utaanguka, we kitambi!" Orrin alimfokea kutoka barazani.

Kesho yake kinyozi alipita na mkewe. Mwisho wa juma walikuwa thelathini, na kengele zao zilisikika mpaka shuleni. Wapo waliogundua, bila kumwambia mtu, kwamba upepo wa asubuhi ni mtamu.

Solveig hakuwa na raha. Kila Orrin alipofungua kinywa, aliogopa kwamba safari hii atawavuta watu upande wake. Alimchukia. Lakini siku moja alimkuta mgahawani, meza nzima peke yake, ameletewa kahawa iliyopoa kwa makusudi. Mzee aliinywa yote, ameinamia kikombe. Solveig akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi.

Siku ya kura ukumbi wa baraza la mji ulijaa hadi ngazini. Diwani Gustafson, muuza matairi, aliyekuwa akimpigia Solveig miayo tangu mwanzo, aliomba kusema.

"Mimi baiskeli sizipendi, na mnajua. Lakini sitaki kuzikwa watu wakisema nilikuwa upande mmoja na huyu."

"Kondoo nyie!" Orrin alinguruma, akatoka akibamiza mlango kabla mikono haijanyooshwa. Zomeazomea ilimfuata hadi nje. Kisha madiwani wakanyoosha mikono, mmoja baada ya mwingine, na Birgit, aliyekaa safu ya mbele na fimbo yake, akajifunika uso akalia.

Mchana wa kesho yake Solveig alifunga kipande cha keki ya sherehe akampelekea mzee. Hakujua kama anakwenda kumfariji au kumcheka. Aliona atajua akifika. Alimkuta anapakia masanduku kwenye pikapu.

"Usihame kwa ajili ya kura, mzee. Watu husahau."

Orrin alitua sanduku. "Zilikuwa ngapi?"

"Tano kwa sifuri."

"Sifuri? Hata yule wa matairi?"

"Hata yeye."

Mzee aliketi ukingoni mwa pikapu, akacheka taratibu mpaka machozi yakamtoka. Akaipokea keki, akaimega, akamrudishia nusu.

"Hebu nishikie upande huo wa sanduku, binti yangu," alisema. "Jumatatu natakiwa Cedar Prairie. Mwaka wa tisa huu wanaomba maktaba, maskini, na hawajapata hata mtu mmoja wa kuwatukana."