Maneno Matatu na Kashata

Tunu ni mtafiti, anachunguza virusi vinavyoharibu ubongo. Virusi hivyo hivyo vilimlaza mama yake mwaka jana, basi kila asubuhi anampima kumbukumbu: anamtajia maneno matatu, wanapiga soga kidogo, mama anayarudia, anapewa kashata. Siku zote ni kijiko, punda, taa, na mama hakosei. Leo ndiyo Tunu kashtuka: na kama kayakariri tu, je? Roho juu, akayabadilisha.

“Ufagio, embe, kengele. Haya mama, umelalaje?”

“Salama. Wewe unaolewa lini?”

“Mama nawe! Haya, nirudishie maneno yangu.”

“Kijiko, punda, taa,” mama akasema bila hata kufikiri, akanyoosha kiganja.

Tunu alibaki kaishika ile kashata, inamnata vidoleni, na mama bado anatabasamu.