Matanga ya Mwanamaji

"Toa hiyo kamba kwa mabati yangu, Rosette. Upepo ukivuta bâche yako, ni mimi nitalala inje."

"Itakaa siku tatu tu, Maman Bintu."

"Siku tatu za nini? Nani amekufa na mimi sijasikia?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mtaa mzima wa Cimpunda hakuna aliyepiga chafya bila Bintu kupata habari.

Rosette aliendelea kukaza fundo la turubai.

"Kama ni Venant wako, waza vizuri," Bintu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Komanda Ulrich atakuja kuing'oa, kama ile ya mwaka jana."

Kisa cha Venant kilijulikana mlima mzima wa Cimpunda. Jeshi la maji la Jamhuri ya Kalonde lilikuwa na boti tatu na maadmirali saba. Siku serikali ilipoanguka, boti mbili zilikuwa gereji. Ya tatu ilimkimbiza Komanda Ulrich, pamoja na kitanda chake na friji yake. Mawimbi yalipozidi, ilibidi kitu kimoja kitupwe ziwani. Komanda akaitazama friji, kisha akamtazama fundi wa mashine, Venant, mume wa Rosette.

Mabaharia waliokuwemo walisimulia yote kwa kunong'ona, kisha wakatawanyika. Komanda, yeye, aliandika kwenye daftari la jeshi: Venant ametoroka. Halafu akaja kupanga nyumba hapo hapo Cimpunda, hatua mia moja juu ya kwa Rosette.

Mtoro hana misa, hana matanga. Wakwe walikataa kumwita Rosette mjane; walisema labda mtoto wao alikimbia ulimi wa mke wake. Neno moja la Komanda, "amekufa", lingetosha. Miaka mitatu Rosette alipanda kwake kuliomba. Miaka mitatu alirudi bila.

"Mwache akuje," Rosette alisema. "Ni yeye ninangoja."

Akashuka kwenye kiti alichosimamia, akamnong'oneza Bintu sikioni. Bintu akanyamaza, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kuliona.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Tangu leo asubuhi."

Bintu aliingia kwake, akatoka na sufuria kubwa ya harusi. "Kamba ikae," alisema. "Na majani ya sombe nitatwanga mimi mwenyewe."

Kabla ya saa sita redio ilikuwa imesoma tangazo mara mbili: mwanamaji wa Kalonde ametutoka, jamaa na majirani wote wanangojewa Cimpunda. Charlène muuza makaa alipita mlango kwa mlango akieleza yale ambayo redio haikusema. Watu wakafurika. Samaki wadogo wa sambaza wakakaangwa, pombe ya kasigisi ikaletwa kwa madumu, wanawake wakaanza kulia kwa zamu.

Saa tisa Komanda aliteremka, sare nyeupe imepigwa pasi, medali nne kifuani, bastola kiunoni. Alimwamkia Charlène njiani. Charlène alitazama ukuta uliokuwa nyuma yake. Wazee wa mchezo wa dama, waliokuwa wakisimama kila siku kumpa heshima, hawakuinua hata macho. Wameogopa, aliwaza, na kifua kikapanuka.

"Nilikataza," alinguruma mbele ya bâche. "Nani ametoa ruhusa ya kumulilia mutoro?"

Hakuna aliyegeuka. Wimbo uliendelea. Rosette alikuwa kwenye mkeka, amejifunga kitambaa cheusi, macho kwenye picha iliyowekwa mezani katikati ya mishumaa miwili.

Komanda alikanyaga miguu ya watu mpaka mezani, akanyoosha mkono aipasue. Mkono ukaganda hewani.

Mtu wa kwenye picha alivaa sare nyeupe. Alikuwa na medali nne, masharubu yaliyochongwa vizuri, na utepe mweusi kwenye kona ya fremu.

"Rosette," Komanda alisema. "Maman Bintu. Niko hapa. Nitazameni."

Rosette alipangusa machozi, akamsogelea jirani yake amwegemee.

Bintu ndiye aliyeinuka, sahani ya bugali mkononi. Alimkagua kuanzia viatu mpaka kofia, kwa huruma, kama anavyotazamwa msafiri aliyepotea njia.

"Pole, papa, inaonekana unatoka mbali," alisema. "Kwa matanga hatuulizi mugeni jina yake. Ingia, ukule."