Mgeni Ni Nani Hospitalini?

Wanyama wa kufugwa walihamia msitu wa akina Kakakuona, wakajenga hospitali katikati yake. Siku moja Mama Kakakuona alifika mbio, amembeba mwanawe anayewaka homa. Muuguzi Bata Mzinga, mwenye maringo, akamwonyesha benchi la nyuma.

"Subiri hapo, mama. Wageni kwanza. Si ndiyo heshima yenu nyinyi wenyeji wa msitu?"

Akaingia Farasi mwenye kwikwi. Akaingia Kondoo aliyechubuka kwato. Mtoto akaanza kuweweseka.

Mama Kakakuona akasimama. "Dada, kwani hospitali hii ni ya nani?"

"Ya kwetu!" Bata Mzinga akatunisha kifua. "Tumeijenga wenyewe."

"Basi humu ndani wenyeji ni nyinyi, na mgeni ni mimi. Mbona hamnikaribishi?"

Wagonjwa wote wakaangua kicheko, hata Farasi, na kwikwi ikamwisha. Bata Mzinga akafungua mlango wa daktari.

Mtoto alitibiwa, akapata nafuu, akaomba mchwa. Ikabidi Bata Mzinga mwenyewe akawachimbe. Mgeni atalalaje na njaa, jamani?