Ukuta Uliomsifu Meneja

Meneja mpya alisikia sifa zake zikitoka ukutani.

Alikuwa amesimama peke yake kwenye kona ya mwisho ya ukumbi wa benki, kando ya mlango wa chuma wa chumba cha hazina, akisubiri kuletewa funguo. Sauti ilimjia sikioni kana kwamba mtu amemwinamia: "Huyu si kama wale waliopita. Ana kichwa. Ila tu hajui kucheka."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Upande wa pili wa ukumbi, hatua thelathini nzima, keshia mkuu, mama mtu mzima ambaye benki yote ilimwita Shangazi, alikuwa amempa mgongo, akinong'ona na karani wa mikopo.

Wahenga walisema kuta zina masikio. Hawakusema zina mdomo.

Ilimchukua siku mbili kuelewa. Jengo lile lilikuwa na miaka tisini, na waashi wake waliufunika ukumbi kwa kuba la mawe, mviringo kama bakuli lililopinduliwa. Mnong'ono wa kwenye kaunta ulipanda, ukateleza kwenye kuba, ukashukia kona ile. Ukisogea hatua moja tu, husikii kitu.

Hakumwambia mtu. Alikuwa amekuja katika mji ule mdogo na michoro ya makao makuu: kuba lizibwe kwa dari ya bodi, kaunta ya mbao ing'olewe, nguzo mbili za mbele zivunjwe kupisha mlango wa kioo. Wafanyakazi walimwomba alinusuru jengo. Mlinzi, ambaye babu yake alizichonga zile nguzo, alimwomba mara mbili. Meneja aliwajibu kwamba benki si makumbusho, na mafundi wangefika baada ya miezi miwili.

Tangu hapo, kila saa nne asubuhi, alikwenda kwenye kona yake akajifanya anasoma maelekezo ya kuzima moto yaliyobandikwa ukutani. Aliyasoma kwa bidii mpaka wateja wakaanza kuulizana kama kuna kitu kinaungua.

Alisikia mengi. Alisikia kwamba mama yake karani amelazwa hospitali na binti wa watu anaona haya kuomba ruhusa. Jioni hiyo akampa siku tano bila kuombwa. Alisikia kwamba goti linamsumbua mlinzi kwa kusimama kutwa. Kesho yake mlinzi akakuta kiti mlangoni. Karani alipomuuliza amejuaje, meneja alisema kiongozi lazima awe na jicho.

"Tumepata mtu," ukuta ukamwambia wiki ile. "Mtu hasa."

Alibaki pale muda mrefu, akipenga kamasi. Mkewe na watoto walikuwa mbali, chakula cha jioni alikula na redio, na katika miaka kumi na saba ya kazi hakuna aliyewahi kumsifu bila kutaka kitu. Nyumbani, mbele ya kioo cha kunyolea, akaanza kujifunza kucheka.

Kisha Jumatano moja akamsikia Shangazi akisema kwa huzuni kwamba mtu mwema kama yule atakuja kukumbukwa kwa jambo moja tu: kuliharibu jengo.

Meneja aliingia ofisini akafunga mlango. Aliandika barua ya kurasa nane. Alieleza ubaridi wa ukumbi usiohitaji feni, mwanga wa madirisha ya duara, mawe yaliyochongwa kwa mkono. Kona hakuitaja. Makao makuu walipombishia, alifunga safari akawaambia uso kwa uso kwamba wakilivunja, naye wamhesabu amevunjika. Wakakubali, shingo upande.

Miaka mitatu baadaye alipandishwa cheo. Siku ya kumuaga alisimama chini ya kuba akasema siri ya uongozi ni kusikiliza. Makofi yalivuma ukumbi mzima. Shangazi alilia machozi ya kweli, kwa maana walimpenda.

Jumatatu akafika meneja mwingine, mama mrefu, mwenye haraka, ambaye kabla hata ya kuketi alishasema jengo linanuka uzee. Alipoingia tu ofisini, Shangazi aliwaita wenzake wote nje, kwenye ngazi za mbele, ambako mambo yote mazito ya benki ile yalizungumzwa tangu enzi za meneja wa kwanza. Akafungua daftari dogo, akavaa miwani.

"Wiki ya kwanza ni sifa tupu," alisema. "Maombi yaanze wiki ya pili, kwa zamu kama kawaida. Na jamani, mkiongea, msilitazame kuba."