Punje za Maharage

Mwalimu Tungaraza alikuwa akijifunza ukuu wa shule chini ya Bi Kidawa, na asubuhi hiyo mama huyo alimpa kopo la maharage.

"Kila mtoto utakayemuuliza swali, mwekee punje moja."

Akafundisha kwa raha zake. Kipindi kilipokwisha, madawati ya mbele yalijaa maharage, ya nyuma yalikuwa matupu.

"Nitawagawia wa nyuma yaliyobaki," alimwambia Bi Kidawa kwa haya.

"Hawajaomba maharage, Mwalimu. Waulize."

Akaenda hadi dawati la mwisho, akamwekea msichana mmoja punje. Akafungua kinywa amwite, jina halimjii. Na huu ni mwaka wa pili anamfundisha.

Msichana akaifumbata punje yake, akasimama wima kungoja swali.